Shamba Lenye Majani Kuliko Yote

Siku ya arobaini ya Mama Zaina nilikaa jikoni muda mrefu kuliko ilivyonipasa. Nilijifanya naangalia wali, na wali ulikuwa na wapishi wake, wanawake wenye nguvu kuliko mimi, walionisogeza kwa adabu kila nilipoinama juu ya sufuria. Ukweli ni kwamba sikutaka kukaa chumba cha mbele. Chumba kile siku hizi kimepangishwa kwa kijana anayechaji simu za watu, ukuta mzima ni nyaya, na kila nikiingia macho yangu hutafuta cherehani. Nilikuwa na wasiwasi mwingine pia, mdogo lakini haukuniacha. Mama Zaina alifariki shamba lake la mpunga kule bondeni likiwa limepaliliwa nusu. Alikuwa bado anashika jembe mwenyewe, na uzee wote ule, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Sisi tulipokuwa tunaomboleza, majani yalikuwa yanaota, na mimi kwa magoti haya ningefanya nini? Basi nikawa nawaza mpunga huku napuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa. Hapo nikasikia pikipiki inasimama mlangoni, na sauti ya mzee ikiuliza: "Viti yetu iko wapi?"

Vijana walimletea kiti cha plastiki. Akakikataa kwa mkono. Nilitoka jikoni na majivu viganjani, nikamkuta Kalonda, fundi wetu wa zamani, amesimama katikati ya zile nyaya, mgongo umepinda, kofia mkononi, anaangalia pembe ya chumba ambako zamani tulikuwa tunarundika vigoda vya mafundi walioondoka. Watoto wa leo wangejuaje habari ya vigoda? Nilianza kulia kabla sijamsalimia, nikiwa sijalia hivyo hata siku ya mazishi.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa enzi za Wabelgiji. Nilikuwa msichana wa kuolewa ambaye hajaolewa, nakaa kwa Mama Zaina, na kwa nini nilikaa kwake ni habari ndefu isiyo ya leo. Yeye alikuwa mjane. Mumewe alimwachia nyumba na cherehani, na nusu ya mji wa Kasongo ilikuwa inasubiri auze. Hakuuza. Alisimamisha ukuta wa mianzi katikati ya chumba: mbele walikaa mafundi na wateja, nyuma alikaa yeye na meza ya kukatia, na mimi ubavuni mwake natia vifungo na kusikiliza kila kinachosemwa. Mteja akija kupatana, alipatana na Fundi Sumaili, maana haikuwa desturi mwanamke wa nyumba kama ile kubishana na wanaume barazani. Fundi Sumaili alijikohoza, akasema, "Ngoja nifikiri," na nyuma ya ukuta Mama Zaina akagonga meza kwa mkasi: pigo moja anakubali, mapigo mawili anakataa. Kisha Fundi Sumaili akatoa jibu kwa sauti nzito kama amelitoa tumboni mwake. Mteja alijua. Mji mzima ulijua. Nikikumbuka ule mkasi nacheka peke yangu, lakini heshima ya kila mtu ilibaki mahali pake na kazi ilikwenda.

Kushona hakukuwa shida. Tulishona kapitula na mashati ya wanafunzi wa misheni, kanzu za Idi, mabulauzi ya wanawake wa sokoni, na nguo haikurudishwa ila mara chache. Shida ilikuwa mafundi. Fundi Sumaili peke yake ndiye alikuwa mtu wa mji, wa kanzu nyeupe kuanzia asubuhi hadi jioni, aliyejisifu kwamba kiganja chake hakijawahi kugusa jembe. Wengine wote walitoka vijijini, na enzi zile mwanaume wa kijijini alilazimishwa kulima pamba, atake asitake. Shamba lake likikutwa na majani, anafungwa. Aliyefanya kazi kwa Mzungu au kwa kampuni alisamehewa. Fundi wa mjane hakusamehewa, kwa sababu serikali haikuingiwa na akili kwamba mjane anaweza kuwa bosi wa mtu. Basi Mama Zaina alimfundisha kijana kukata, kupiga pindo, kutengeneza mfuko usiotoboka, na siku aliyoanza kuwa fundi kweli, polisi wa chefu wake, yaani chifu wa kijijini kwao, akatokea mlangoni. Kijana akitoka kifungoni alikuwa na haya, au hasira, au vyote viwili. Mmoja alikimbilia machimboni, mwingine Albertville, mwingine Kindu. Kila aliyeondoka, Mama Zaina alichukua kigoda chake, akakipangusa, akakipandisha juu ya vingine pembeni. Rundo lile likawa refu. "Buloko inaajiri mafundi yangu kuliko miye," alisema siku moja, na huko kwetu buloko ni gereza. "Haiwalipi, haiwapikii vizuri, na bado wanaenda." Tulicheka, yeye hakucheka sana.

Kalonda alikuwa Mbangubangu wa njia ya Kabambare, kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuimba chinichini akikanyaga cherehani, kiasi kwamba tulijua anashona nini kwa wimbo tu. Alikuwa ameshafungwa mara mbili kwa ajili ya pamba, na kila mara alirudi, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Mama Zaina alimpenda kama mwanawe, ingawa hakumwambia. Alimwongezea samaki kwenye sahani basi. Mwaka ule misheni ilitupa kazi ya kushona nguo za shule nzima. Macho ya Fundi Sumaili yalikuwa yameanza kumdanganya kwenye uzi mweusi, na kazi yote ikamwelemea Kalonda. Ndipo akaja polisi aitwaye Lusangi, kofia nyekundu kichwani, mkanda umebana tumbo, amesimama mlangoni anaangalia kando kama mtu aliyetumwa na mkwe wake.

"Kalonda, simama. Shamba yako iko na majani tena."

"Baba Lusangi, niache nimalize hii shati."

"Utaimaliza siku ingine. Siku ya soko nakupeleka kwa tribinali ya chefu."

Nyuma ya ukuta mkasi haukugonga. Mama Zaina alikuwa ameushika kwa mikono miwili. Sote tulijua maana ya mara ya tatu: chefu alishamwonya Kalonda kwamba akifikishwa tena mbele ya mahakama yake atarudishwa kijijini moja kwa moja, na Kasongo asikanyage tena. Lusangi alimwacha katika buloko ya mjini mpaka siku ya soko, akarudi zake kijijini. Mchana ule Mama Zaina alitoka nyuma ya ukuta, akakaa juu ya kigoda cha Kalonda mbele za watu, kitu ambacho sikupata kukiona, akasema, "Huyu akienda, nafunga. Nitauza cherehani. Nimechoka kufundisha watu wa buloko." Mimi niliogopa kwelikweli, maana nyumba ile ndiyo iliyokuwa imenipokea.

Chakula cha Kalonda tulimpelekea sisi, wali na maharage ndani ya bakuli lililofunikwa kitambaa. Askari wa mlangoni alituzoea hata alikuwa anauliza habari za nyumbani. Mama Zaina alimkalisha Kalonda chini akamtazama anavyokula, kisha akamuuliza shamba liko namna gani.

"Mama, iko mubaya. Dada yangu alipalilia kidogo, alichoka, iko na mimba. Na sasa niko hapa, majani inaota tu. Wananifunga sababu sikupalilia, na kama niko ndani nitapalilia namna gani?"

"Moniteri wa pamba anapita lini kuangalia mashamba?"

"Mbele ya siku ya soko."

"Tutajuaje shamba yako?"

Kalonda aliona haya. "Mutaona tu. Mashamba yote iko mustari moja kando ya barabara. Yangu iko na majani mingi."

Ndivyo duka la ushonaji lilivyofungwa, na mafundi wakaenda kulima pamba. Tulipanda lori la mfanyabiashara aliyekuwa anaelekea Kabambare: Mama Zaina amejifunga kanga kiunoni, mimi na majembe ya kuazima, na Fundi Sumaili na kanzu yake, kwa sababu hakuwa na nguo nyingine ya kusafiria. Njia nzima alilalamika. Alisema yeye ni fundi, baba yake alikuwa fundi, na kwamba jembe lina harufu. "Fundi, nyamaza," alimwambia Mama Zaina, "ao nitakugongea meza mara mbili."

Tulishushwa kwenye mashamba. Agronome, bwana shamba wa serikali, aliyaamuru yapangwe mstari mmoja, sawasawa kama vifungo vya shati, na kila moja lilifanana na jirani yake. Lakini Kalonda alikuwa amesema kweli, hatukuhitaji kuuliza. Shamba moja lilikuwa aibu. Majani yalikuwa yameizidi pamba kimo, miba imepanda juu ya majani, na ndege walikuwa wanaishi humo kama kwao. Karibu nalo palikuwa na lingine lenye majani ya wastani, upande mmoja umepaliliwa, hatukulitazama mara mbili. Mama Zaina alitikisa kichwa. "Masikini mutoto wangu," akasema, na tukaingia.

Sijapata kufanya kazi ile tena maishani. Mgongo ulikufa ganzi. Fundi Sumaili alianza kwa kung'oa pamba yenyewe, mpaka nilipomwonyesha ipi ni ipi, kisha akaona haya, na haya ikampa nguvu. Alivua kanzu, akabaki na suruali ya ndani na fulana, akalima kama mtu anayelipiza kisasi. Wanawake wa kijiji walipita na mitungi ya maji. Walisimama, wakatuangalia, wakatazamana, wakajifunika mdomo kwa kanga, wakaenda. Baadaye walirudi wengine zaidi, hata wasio na mitungi. Nilidhani wanashangaa watu wa mji. Kwa nini hakuna aliyetuambia neno nilikuja kuelewa nikiwa nimeshakula.

Jua lilikuwa limelala upande wa pili tulipomaliza. Tukaona kofia nyekundu inakuja barabarani, nyuma yake kundi la watu waliokuwa wanajizuia wasicheke. Alikuwa Lusangi. Fundi Sumaili, viganja vimejaa malengelenge, alinyoosha mgongo akamwambia kwa kiburi chote cha Kasongo: "Bwana polisi, angalia vizuri. Shamba ya Kalonda imekwisha."

Lusangi aliangalia. Mke wake, Mama Kabibi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ndiye aliyesema, na alisema huku machozi ya kicheko yanamtoka. "Shamba ya Kalonda njo ile pale. Hii iko yetu!"

Kijiji kizima kilipasuka. Mtu aliyekuwa anazunguka barabara nzima kufunga wenzake kwa sababu ya majani, ndiye aliyekuwa na shamba lenye majani kuliko yote, na nani angemfunga? Watu walikuwa wanalipita kila siku wamefumba macho. Sisi wageni tulilichagua kwa macho yetu, katika mstari mzima, tukalitangaza. Fundi Sumaili alikaa chini palepale kwenye udongo. Mimi nilitaka kulia: nguvu zetu zote tulikuwa tumezimwaga kwa mtu aliyetuharibia. Nilimtazama Mama Zaina nikitegemea atatukana. Alikuwa anapangusa jembe taratibu, namna ile alivyopangusa vigoda.

Mama Kabibi hakukubali tuondoke. Kwao, watu wakikulimia unawapikia, hata kama walikulimia kwa kukosea, na alipotoa amri ile mumewe alitangulia mwenyewe kutafuta kuni. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, safi, inanukia moshi na mawese. Tuliletewa bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo iliyong'aa mafuta, samaki waliokaushwa na pilipili ya kusaga. Fundi Sumaili hakuweza kufinyanga bukari ya moto kwa yale malengelenge, ikabidi apewe kijiko kama Mzungu, na watoto wa nyumba ile wakasogea kumtazama anavyokula. Lusangi alikula tonge ndogondogo. Tuliponawa mikono, Mama Kabibi alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema habari za mvua:

"Mumetulimia, mumekula kwetu. Siku yenu mukihitaji jembe, mutamwita huyu bwana. Atakuja yeye mwenyewe, hatatuma mutoto."

Hiyo pia ilikuwa desturi yao, na ilikuwa nzito. Asiyerudisha jembe halimiwi tena, na hata akifiwa watu huchelewa kufika. Ndipo nilipoelewa kwa nini wale wanawake hawakutuambia neno: kwa kukosea kwetu, polisi wao alikuwa anaingia deni. Lusangi aliitikia kwa kichwa. Ndipo Mama Zaina, aliyekuwa anakausha vidole vyake kimoja kimoja kwa pindo la kanga, aliposema:

"Asante, dada yangu. Siku yetu iko kesho."

"Kesho?" Lusangi aliinua uso. "Shamba gani?"

"Ya Kalonda."

Lusangi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama dari. Mwishowe Lusangi akauliza, "Tutaanza saa ngapi?"

Asubuhi alitangulia kufika. Alitundika kofia yake nyekundu na mkanda juu ya kijiti mwanzo wa shamba, akakunja suruali, akalima, na nilishangaa kuona anajua kulima vizuri sana. Alituambia, huku hatazami mtu, kwamba tangu amepewa ile kofia hakupata nafasi ya shamba lake. Kila siku ni barabara na watu wanaomlaani. Nilimchukia tangu siku ile ya mlangoni, na kabla ya mche wa nne wa pamba chuki ilianza kuniponyoka, ikaniudhi. Tulikuwa tunakaribia mwisho moniteri alipofika na baiskeli yake. Aliona kofia kwenye kijiti, akaona mwenye kofia ameinama, akaruka chini.

"Lusangi! Nani amekufunga?"

"Hakuna. Niko narudisha jembe."

Moniteri alikuwa mtoto wa sehemu zilezile. Hakuuliza zaidi. Alitembea shambani, akatoka, akasema liko safi. Kisha akasimama muda mrefu akilitazama la jirani, lile lililokuwa msitu, akatikisa kichwa na kupanda baiskeli.

Siku ya soko Kalonda aliletwa chini ya banda la chefu. Chefu alimuuliza Lusangi mashtaka yake.

"Shamba iko safi, chefu. Moniteri ameona."

"Ulisema iko na majani."

"Ilikuwa nayo. Tumeitoa."

"Mumeitoa weye na nani?"

Lusangi alituonyesha kwa kidevu. Chefu alimwangalia Mama Zaina, mwanamke wa mji, kanga kichwani, viganja vimefungwa vitambaa. "Weye mama wa Kasongo, unatafuta nini mu pamba yetu?"

Hapakuwa na ukuta wa mianzi wala mkasi. Mama Zaina alisimama akasema mwenyewe. "Natafuta fundi wangu. Mukimubakisha hapa, mutakuwa na mulimaji moja asiye na furaha. Mukinirudishia, shamba yake haitakuwa na majani tena. Tutakuja siye wote kuipalilia. Ikikutwa na majani, uniite miye."

Wazee walinong'ona. Mmoja alicheka, mwingine akauliza kama yule wa kijiko naye atakuja. "Atakuja," alijibu Fundi Sumaili kabla hajaulizwa, na nilimpenda siku ile. Chefu alisema: Sawa. Mchukueni.

Tulipofika Kasongo, Mama Zaina alikichukua kigoda cha Kalonda, akakiweka mbele ya cherehani, akamwambia mashati ya misheni yanamngoja, akaingia nyuma ya ukuta, na huko nikamwona anakaa juu ya vitambaa na kulia kwa sauti ya chini, mikono usoni. Mbele, wimbo ulianza. Ulikuwa ule wa kushona kola.

Tangu hapo, siku moja kila wiki tulifunga duka tukaenda shambani, leo la huyu, wiki ijayo la yule. Wateja walinung'unika, wakazoea. Vijana wa vijijini walisikia kwamba kuna duka ambalo fundi hafungwi kwa pamba, wakaja wenyewe, na yule wa Kindu alirudi akasimama mlangoni anachezea vidole mpaka Mama Zaina akagonga meza pigo moja. Rundo la vigoda lilipungua kimoja baada ya kingine. Mwaka ulipokwisha pembe ile ilikuwa tupu, tukaweka mtungi wa maji. Lusangi alishonesha kwetu suruali ya kulimia, akataka iwe na mifuko mikubwa.

Hayo yote nilimkumbusha Kalonda usiku wa arobaini, au yeye alinikumbusha, maana tulikuwa tunanyang'anyana maneno. Asubuhi nilipoamka, kitanda chake kilikuwa kitupu. Nikachukua mkongojo nikashuka bondeni. Alikuwa amekaa juu ya gogo, na mbele yake vijana wengi wenye majembe: wanawe, na wengine nisiowajua. "Hawa njo wajukuu ya Lusangi," alisema. "Wamefika na gari ya kwanza ya asubuhi. Tumekuja kurudisha jembe kwa Mama."

Niliinua macho kutazama kazi, na hapo nikaona. Shamba la Mama Zaina lilikuwa pale pale, nusu yake na majani ya wastani. Vijana walikuwa wameingia la jirani, mtu mkali asiyesalimia, lenye majani kuliko yote bondeni, na tayari walikuwa wamefika katikati.

Nilifungua mdomo kuwaita. Kalonda alinishika mkono.

"Usiwaambie kwanza, Mariamu. Tutapata mutu, kama Lusangi."

Asubuhi ilikuwa bado mbichi, na la Mama Zaina lingemalizwa kabla ya jua kali. Nikajifunika mdomo kwa kanga, nikapanda mlima taratibu kwenda kumgongea yule jirani, nimwambie apike.